Sentensi Niliyoikata Kwenye Mwongozo wa Bwana Shamba

Ujumbe ulinifikia asubuhi nikiwa stendi ya Msamvu nasubiri mgeni wa basi la Dodoma: bwana shamba wa Mlali amefariki, mazishi kesho saa nane mchana. Wasomaji wa safu hii hamkumjua, na hata kama mmewahi kusoma kazi yake hamkujua kuwa ni yake, maana hakutia jina lake popote. Alizaliwa Matombo, akafanya kazi ya ugani maisha yake yote, akastaafia Mlali kwenye nyanya na kabichi. Huko ndiko alikoanza kuandika ile miongozo ya haraka mnayorushiwa kwenye simu: namna ya kukausha mdalasini, namna ya kuchagua machipukizi ya mgomba, hatua sita ukurasa mmoja, basi. Nilisoma ujumbe mara mbili, kisha nikatafuta mahali pa kukaa.

Sisi wa magazetini tunayadharau maandishi ya namna hiyo. Hayana utangulizi, hayana mwandishi, hayasifiwi na mtu. Nilimwambia hivyo siku ya kwanza tulipokutana, kwa majivuno ya mtu aliyezoea kuona picha yake juu ya makala. Hakukasirika. “Mwandishi,” akaniambia, “msomaji wako amekaa, ana chai mezani. Wangu amesimama shambani, bomba la dawa liko mgongoni, mikono ina matope, na wadudu wanakula. Huyo hana nafasi ya kuipenda sentensi yako. Anataka ajue afanye nini sasa hivi, na ukimdanganya anakuamini.” Kwake mwongozo wa haraka ulikuwa maandishi magumu kuliko yote, kwa sababu msomaji wake hasomi ili afikiri. Amekuachia wewe ufikiri kwa niaba yake.

Basi kila mwongozo aliujaribu kwanza kwa jirani yake, mjane mmoja mkulima wa nyanya aliyekuwa akilea wajukuu wawili kwa shamba lile. Anampa simu, halafu anakaa kimya kumtazama akifuata hatua moja moja, maji matupu yakiwa badala ya dawa. Mama akikwama, mwenye kosa ni mwandishi. Siku moja nilikuwepo. Maandishi yalisema mililita thelathini kwa bomba moja. Mama akaangalia huku na huku, akauliza, “Bwana shamba, hiyo mililita naipimia nini, kiganja?” Bwana shamba akaifuta palepale, akaandika vifuniko vitatu. Kisha, mama akiwa ameshaenda zake, akaongeza sentensi moja ndefu, ambayo baadaye aliiweka kwenye kila mwongozo wa dawa: kifuniko ni kile cha chupa iliyotoka kiwandani, na aliyepimiwa dawa dukani asitumie kifuniko cha chupa ya maji, kwa kuwa ni kidogo.

Sasa nifike pale ninapozungukazunguka. Mwaka juzi kantangaze, yule mdudu wa nyanya, aliingia mashambani kwa kishindo, na bwana shamba akanijia mjini na mwongozo wake ili niupitie kabla hajautuma. Niliupitia kama fundi. Nikafika kwenye ile sentensi ya vifuniko nikacheka. “Nani asiyejua kifuniko ni cha chupa ya dawa?” nikamwuliza. “Inachosha. Kata.” Akasita. Akasema watu wengi kule hawanunui chupa nzima, wanapimiwa kidogo kwenye chupa za maji. Nikamjibu kwamba maandishi ya haraka yenye sentensi ya mistari mitatu si ya haraka tena. Mimi ambaye sijawahi kubeba bomba hata siku moja! Akanitazama, akasema, “Haya, mwandishi ni wewe.” Nikaikata kwa kidole changu mwenyewe kwenye simu yake. Kwa kuwa mdudu alikuwa tayari shambani, siku ile hakurudi kwanza kwa jirani kujaribu. Aliutuma kutokea hapo mezani kwangu.

Yule mama alikuwa amepimiwa dawa dukani. Alifuata mwongozo bila kukosea hata hatua moja: vifuniko vitatu, vya chupa ya maji. Dawa ikawa nyepesi, kantangaze hakufa, akapuliza tena na tena vilevile, na nyanya zote zikatobolewa. Aling’oa shamba zima kwa mikono. Mjukuu mkubwa alipelekwa kwa ndugu Kilosa, na hajarudi. Bwana shamba aliandika mwongozo mwingine wenye ile sentensi, akautuma kila mahali. Haukwenda mbali. Gazeti likikosea, kesho yake tunaomba radhi ukurasa wa pili na aliyenunua jana huenda akanunua na leo. Mwongozo wa mtandaoni haurudi kuchukuliwa. Ulishanakiliwa, ulishapigwa picha, umeshakaa kwenye simu za watu, na ule uliosahihishwa umechelewa halafu ni mrefu zaidi. Miaka miwili alikimbizana nao, akijibu kundi moja baada ya jingine, “Huu una kosa, tumieni huu.” Watu wakamwona msumbufu, baadhi wakamtoa kwenye makundi yao.

Mama yule aliacha kumsalimia. Nilimwambia bwana shamba nitakwenda mwenyewe nikamweleze ukweli. Akanijibu bila hasira, na afadhali angenitukana: “Nikimwambia ni wewe, nyanya zitarudi? Jirani yake ni mimi. Mimi ndiye niliyetuma.” Nikaona nafuu. Naona aibu kuandika neno hilo, lakini ndilo lenyewe.

Msibani mkewe alinishika mkono. “Shemeji, mwandishi ni wewe, tuandikie wasifu wa marehemu. Ukurasa mmoja tu, padri ana misa nyingine.” Nikaandika: kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa. Nilipofika kwenye miongozo yake niliandika pia kwamba lile kosa lililowaumiza wakulima halikuwa lake, na nikamtaja aliyelifanya. Nikausoma tena. Nikajiambia ni mrefu, nikajiambia msiba si mahali pake, nikakata. Nilisoma uliobaki mbele ya jeneza kwa sauti nzuri. Watu walipoanza kutawanyika nilimkuta yule mama pembeni, nikamwamkia. “Marahaba, mwanangu,” akasema. “Umemsomea vizuri. Mungu amsamehe. Lakini ule mwongozo wake ulinimaliza.” Nikasema, “Pole, mama.” Kisha nikaenda kutafuta gari la kurudi mjini.

Somo ninalolipata si la kujivunia. Anayefupisha maneno ya mwenzake anaamua nani ataachwa bila msaada, na mara nyingi hatamwona mtu huyo kamwe. Mimi nilimwona, nikamjua, nikasimama mbele yake mara ya pili, na bado nikachagua ufupi. Leo nimeandika yote, marefu kama yalivyo, wala sina furaha nayo, maana gazeti hili halifiki Mlali. Jana mtu nisiyemjua alinitumia mwongozo wa kantangaze, ule niliouharibu mimi, na chini yake ameandika: “Tumia huu, ni mfupi na unaeleweka.” Nilimjibu kwamba una kosa. Hajausoma ujumbe wangu mpaka sasa.