Siku Tuliyolijaribu Gari la Marehemu

Marehemu mume wangu alikuwa fundi magari hapa Ruangwa. Katika magari yote yaliyopita mikononi mwake, alilipenda moja tu: gari dogo la mbio, jekundu, la milango miwili, lililotengenezwa Ulaya kabla sijaanza darasa la kwanza. Mhandisi mmoja wa Kizungu alilileta likiwa bovu, kisha akahamishwa, akamwachia. Usukani wake uko kushoto. Kila Jumamosi mume wangu alifunua turubai, akaliwasha, akalizungusha mtaani, akarudi akiniambia, "Liko sawa kila kitu." Mimi sijui kuendesha. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nilipostaafu.

Baada ya msiba, gari lilikaa bandani zaidi ya mwaka. Binti yangu aliyeko Dar es Salaam aliweka picha za gari mtandaoni, na mwezi haukuisha mtu mmoja akapiga simu kwamba anakuja kuliona. Kaka yangu anayeishi Chiola akanionya, "Asiliwashe mtu mpaka nifike."

Mnunuzi alikuja asubuhi kutokea Nachingwea, alikolala kwa shemeji yake. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani, na hakuwa na maneno mengi. Alifunga betri aliyokuja nayo, injini ikawaka. Wakati huohuo kaka akapiga simu: pikipiki imepata pancha, nimsubiri. Mgeni akatazama saa.

"Mama, breki zikoje?"

"Liko sawa kila kitu," nikasema. Nilikuwa narudia maneno ya marehemu tu.

"Basi, twende tulijaribu kidogo. Tukifika pale shuleni tunageuza."

Niliogopa kumpoteza mnunuzi, nikaingia. Mlango wa upande wangu haufunguki kwa ndani. Marehemu alikuwa akizunguka kunifungulia. Mgeni akanifungia, akaja akashika usukani, tukaondoka.

Tulifika shuleni. Hakugeuza.

"Si tulisema hapa?" nikamuuliza.

Alikaza macho barabarani. Baada ya shule barabara ya vumbi ya kwenda Mandawa huanza kuteremka, na gari likazidi kukimbia. Nikamtazama. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Geuza gari, baba."

"Tulia, mama."

Nilivuta kitasa nikijua hakifanyi kazi. Nilizungusha kioo, kikashuka inchi mbili, kikagoma. Nikatoa simu kwenye mkoba nimpigie kaka.

"Mama, weka simu! Shika hapo mbele!"

Akapeleka mkono chini, katikati ya viti, akawa anavuta kitu kwa nguvu. Nikajua ni panga au bastola. Niliwaza kwamba ataniua mikoroshoni, na binti yangu atapigiwa simu na mtu asiyemjua.

Mbele yetu akatokea mwanamume wa baiskeli, amefunga gunia la ufuta nyuma. Nikaitambua sura ya mwanafunzi wangu wa zamani. Nilipiga kioo kwa ngumi. Yeye aliniona nimekaa kulia, anakokaa dereva siku zote, akadhani ninaendesha mimi. Akacheka, akainua mkono. "Mwalimu, shikamoo! Hongera!"

Tukampita. Chini kabisa ya mteremko niliona kibanda cha kuuzia mihogo na watu kama sita hivi. Nikapeleka mdomo kwenye upenyo wa kioo, nikavuta pumzi nipige kelele za mwizi.

"Breki hakuna," akasema yule mtu. Sauti yake ilikuwa ya kulia.

Ndipo nilipotazama miguu yake. Alikuwa anakanyaga, anakanyaga, na pedali inazama mpaka chini. Alichokuwa anavuta ni breki ya mkono.

Hatukufika kwenye kibanda. Alikata kona, tukaingia shamba la ufuta lililokwishavunwa, mchanga ukayashika matairi, tukapanda kichuguu kwa kishindo, injini ikazimika. Nilikuwa nimejing'ata ulimi. Alitoka akipepesuka, akazunguka, akanifungulia mlango. Nikakaa chini, naye akakaa.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu pale shuleni. Sikutaka kukutisha."

Watu wa kibanda walikuja wakikimbia na maji. Nikakumbuka makopo madogo ya mafuta ya breki pale bandani. Kila Jumamosi marehemu alikuwa akiongeza kidogo, maana yalikuwa yakivuja, na mimi nilikuwa namuona kwa macho yangu. Nilimwambia mgeni ukweli huo hapohapo, nikamwomba radhi.

Kaka alipofika alimkwida shati. Ilibidi niingie katikati yao, nipige kelele mara tatu kwamba kosa ni langu.

Mgeni alilichukua gari hata hivyo. Wiki mbili baadaye alirudi na lori dogo na vijana, wakalisukuma juu na kulifunga kamba. Kabla ya kuondoka akanivuta pembeni.

"Mama, siku ile si breki tu zilizoniogopesha. Nilikuona unataka kuita watu. Mtu akiitiwa mwizi, hapati nafasi ya kujieleza. Ulikuwa unataka kuniitia mwizi?"

"Hapana," nikamwambia. "Nilikuwa nataka hewa."

Alinishukuru, akapanda lori. Mpaka leo sijamwambia mtu mwingine, hata kaka, kwamba neno lenyewe lilikwisha kufika kwenye ulimi.