Kayaki ya Baba Kwenye Silanga la Ng'ombe

Mwezi uliopita nilienda Kitengela kumwona mama, nikatembea mpaka pale silanga lilipokuwa. Kama hulijui neno hilo, silanga ni bwawa la kunyweshea mifugo. Sasa pamejengwa nyumba za kupanga za ghorofa nne, nguo zimeanikwa kwenye kila roshani. Binti yangu akaniuliza mbona nimesimama. Nikamwambia, "Hapa ndipo babu yako alipoanguka majini mara kumi na tano kwa siku moja, na sisi tukimtazama." Hakuniamini. Wewe labda utaniamini.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Kitengela ilikuwa bado uwanda. Asubuhi ungeweza kuwakuta pundamilia wakila nyasi nyuma ya choo, na upepo ukigeuka, vumbi la simiti kutoka kiwandani lilitua juu ya uji wako. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mzungu mmoja aliyemfanyia kazi alipohama nchi, alimwachia kayaki, mtumbwi wa plastiki wa mtu mmoja, rangi ya chungwa, mrefu mara mbili ya kitanda cha wazazi wangu. Ilifika juu ya pikapu, watoto wa mtaa mzima wakiifuata mbio.

Jirani yetu, mama wa Kimaasai ambaye silanga lilikuwa la boma lake, aliizunguka akiigonga kwa kidole. "Sopa, mama watoto," akamsalimu mama. "Sasa hii ni jeneza ya nani?"

Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Kabla hajaoa aliwahi kufanya kazi ya ujenzi Kilifi, akawaona watu wakivua samaki baharini kwa vyombo kama hicho, na hamu ile haikumtoka. Mama hakucheka. Mto Athi ulimchukua kaka yake walipokuwa watoto, yeye akiwa ukingoni ameshika ndoo. Alisema tu, "Utaenda. Lakini kwanza nikuone ukianguka kwa maji na urudi ndani mwenyewe, bila kushikwa na mtu. Mara kumi."

Kiangazi hicho uani kwetu kulinuka grisi na plastiki iliyoungua. Baba alipasha moto misumari akatoboa kreti kuukuu ya mkate, akaifungia vipande viwili vya paipu ya maji vya kusimamishia fimbo za kuvulia. Alikunja nondo ikawa nanga yenye makucha manne. Parafujo zote alizing'oa akatia zisizoshika kutu, kwa maana, alituambia, chumvi ya bahari inatafuna chuma kama mchwa. Jaketi la kuelea alilipata kwenye mitumba. Mama alilitazama, akasema haamini uzi wa watu asiowajua, akaliweka kwenye cherehani na kuishona upya mikanda yote. Kisha zikaja kamba. Kasia likafungwa kamba, koleo likafungwa, kisu, chupa ya maji, hata filimbi ya kuitia msaada. Mimi, binti wa miaka tisa, nilipewa kazi ya kuvuta kila fundo kwa nguvu zangu zote. Likiteleza, baba alilifungua bila neno na kuanza upya. Sikuwahi kuona mtu mzima akijiandaa hivyo kwa jambo lolote.

Siku ya kujaribu ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa. Watu walijaa kandokando ya silanga kama harusini. Ng'ombe waliacha kunywa. Baba akapiga kasia mpaka katikati, akajiangusha. Kayaki ilipinduka ikamfunika, akaibuka na matope mdomoni. Alijaribu kupanda akateleza. Mara ya pili, ya tatu, mpaka ya tano, kila mara akiishiwa nguvu na kujiburuta hadi ukingoni.

"Mwambie atoke!" jirani alipiga kelele. "Atakufa kwa maji ya ng'ombe!"

Mama hakumwambia atoke. Alikuwa ameikaza leso kiunoni, midomo imemkauka.

Mara ya sita baba hakung'ang'ana. Alilaza mwili juu ya maji, akapiga miguu kama chura, akajivuta kwa tumbo juu ya kayaki, akageuka, akakaa. Kisha nikasikia sauti ya mama, nyembamba, ikitetemeka: "Moja."

Tulipofika nne, umati wote ulikuwa unahesabu naye, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kimaasai. Kumi ilisikika mpaka barabarani.

Desemba tukateremka pwani, kayaki juu ya lori la rafiki wa baba. Bahari nilipoiona mara ya kwanza, nilitafuta ng'ambo yake. Nilitafuta sana. Nilimshika mama mkono, nikagundua naye anatafuta.

Baba aliingia majini kulipopambazuka, akawa kijidoa cha chungwa. Jua lilipopanda tulimwona akirudi, na karibu na ufuo wimbi likainuka nyuma yake na kumpindua. Mama hakulia. Alianza kuhesabu polepole, kwa sauti. Alipofika saba, kichwa kikatokea, kisha tumbo juu ya kayaki, kisha baba mzima amekaa, akipuliza filimbi kama mwendawazimu. Kofia tu ndiyo iliyopotea. Samaki aliyemvua, kolekole mnene aliyefungwa kamba kama vitu vingine, alikuwa bado ananing'inia ubavuni.

Tulidhani mama atamgombeza. Akamwambia, "Nitolee hiyo jaketi."

"Unaenda wapi?"

"Huko ulikuwa."

Baba alimshikia kayaki maji yakiwa kifuani. Mama alikaa amefumba macho, vidole vimekakamaa. Kisha akayafumbua, akatazama chini, na kusema kwa sauti ambayo sikuijua, "Kumbe maji iko na rangi hivi."

Baba tulimzika miaka mingi baadaye. Uwanda umekwisha, pundamilia hawapiti tena, na kayaki ilibaki pwani kwa wavuvi. Siku ile ya bahari hatukuwa na kamera. Ningetoa mengi nipate picha ya uso wa mama pale juu ya maji. Kwa dakika chache alikuwa msichana, mdogo kuliko mimi, na msichana huyo sijamwona tena.