Dereva Alipoegesha Lori

Kaka yangu tunamwita Dereva. Mtaa mzima unamwita hivyo, mkewe anamwita hivyo, na mimi niliyechangia naye titi moja nimeshasahau kumwita vingine. Jina lenyewe alilipata akiwa utingo tu, kwa sababu alipenda kutembea na mnyororo wa funguo usiokuwa na funguo hata moja. Baadaye funguo zikaja, na lori likaja, lile refu lenye tela, na tangu aoe amekuwa mtu wa kupakia mzigo huku na kuushusha nchi ya pili au ya tatu. Nyumbani hufika anapopita. Anakuja amechoka, analala mchana kutwa huku sisi tukitembea kwa ncha za vidole, anakula, anaoga, na alfajiri ukiamka unakuta kitanda kimepoa.

Mimi ni msusi. Nilikuja kwake mkewe alipojifungua, nikae wiki chache nimsaidie wifi, nikasahau kuondoka. Wifi ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache na mkasi mkali. Mtoto wao, kwa udogo aliozaliwa nao, tulimpa jina la Karanga, na sasa yuko katika mwaka wake wa nne na bado ni Karanga, isipokuwa mdomo, ambao umekua kuliko yeye. Mdomo huo wanasema kautoa kwa shangazi yake. Sikatai.

Ugonjwa ulipoingia ulitukuta katikati ya msimu wa joto. Saluni ikafungwa, maana huwezi kumsuka mtu ukiwa umbali wa hatua mbili. Shule na vilabu vikafungwa, kisha mipaka, na tajiri wa malori akawaambia madereva wake waegeshe wakasubiri nyumbani. Kaka yangu akaja na begi moja na mpira wa ndani wa tairi, ambao hakueleza ni wa nini. Kwa kuwa alikuwa ametoka safari ya mbali, akaambiwa ajitenge kwanza, kwa hiyo tukamtandikia kwenye chumba cha uani tunachowekea mkaa na vitambaa. Wifi alikuwa akiweka sahani juu ya kigoda, anabisha mlango, anarudi nyuma, ndipo mlango unafunguka na mkono unatoka. Karanga alikuwa akiyatazama hayo kutoka mlango wa jikoni, mikono nyuma.

"Dereva anakula sana," aliniambia siku moja, kwa sauti ya mama mwenye nyumba anayefikiria bajeti.

Alipomaliza kujitenga alinyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi, akaja sebuleni akachuchumaa na kufungua mikono. Karanga alimtazama kwanza, kisha akasogea na kusema, "Shikamoo, Dereva," akampa mkono, akauchukua tena, akaenda zake. Sisi tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye naye alicheka, ila alichelewa kidogo kuanza.

Na hapo ndipo lilipokuwa tatizo lake kwa msimu ule wote. Kazi iliyosimama haikumnyima usingizi, alijua malori yatatembea tena. Alichokitaka ni mtoto wake aje kwake bila kutumwa, amkalie mapajani kama watoto wengine wanavyowakalia baba zao, na mtoto hakuja. Akiitwa alikuja, akiambiwa akae alikaa, pembeni, miguu pamoja, kama aliye kwenye chumba cha kumsubiri daktari. Kaka yangu hakulisema, lakini nilimwona akimfuata kwa macho, na nilimhurumia, nami si mwepesi wa kuhurumia wanaume.

Joto la mwaka ule lilikuwa halina adabu. Nyumba yetu ni ya bati na haina dari, na ikifika saa nane mchana kila mtu alikuwa chini kwenye sementi, tumepangwa kama samaki wanaoanikwa, chini ya pangaboi linalolia kila likizunguka. Wifi peke yake ndiye aliyekaa kitini. Watu walitaka barakoa, na cherehani yake ilikuwa ikikimbia kutwa barazani, vipande vya vitambaa vimejaa mpaka kwenye unga. Redio ilikuwa dirishani, na kila mchana ilisoma idadi ya waliougua na waliokufa, kisha ikapiga muziki.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe hatuna, tukampa masufuria. Kwa kweli hakusubiri kupewa. Mtu aliyezoea kukagua lori hawezi kukaa kwenye nyumba bila kuikagua. Asubuhi alizunguka nyumba yote akigonga kuta kwa mguu, pale ambapo kwenye lori pangekuwa na tairi. Pipa la maji alilipima kwa kijiti, akatutangazia kiasi kilichobaki. Godoro la wageni alilifunga kamba juu ya kabati kwa fundo ambalo hakuna aliyeweza kulifungua, na viti vya plastiki alivirudisha ukutani kinyumenyume, huku akitazama juu ya bega.

"Wifi," nilimwambia mkewe, "mumeo ataweka taa za nyuma kwenye kabati la vyombo."

"Mwache," alisema, uzi mdomoni. "Masufuria hayajawahi kung'aa hivi."

Ule mpira wa tairi nao ukapata kazi. Aliujaza upepo kwa pampu ya baiskeli ya jirani, akaulaza uani penye kivuli cha ukuta, akatandika turubai juu yake, akamimina maji. Likawa bwawa. Karanga aliingia humo na nguo zake zote. Tangu hapo kila mchana alikaa ndani ya mpira ule, na Dereva alikaa kwenye kigoda akimmwagia maji kichwani kwa kopo, pole pole, moja baada ya jingine, bila neno. Mtoto alisema "tena", yeye akamwaga tena. Basi, mazungumzo yao yaliishia hapo.

Ukimya huo ndio ulionikera, kwa sababu nilijua si bubu. Alipokuwa safarini alipiga simu kila jioni, na wifi aliiweka kwenye sikio la mtoto, akimwambia aongee na baba. Ilikuwa simu ya vitufe, yenye sauti kubwa inayosikika mpaka jikoni, na mtu aliyekuwa ndani yake alikuwa mcheshi kuliko wote niliowahi kuwasikia. Alimsimulia Karanga habari za nyani mmoja aliyemsimamisha barabarani akaomba lifti, akakataa kukaa nyuma, akataka kiti cha mbele na dirisha lifunguliwe. Nyani huyo alisafiri naye miezi. Alipata mke, akaugua meno, akagombana na askari wa mpakani. Karanga alikuwa akicheka mpaka anakaa chini. Nyumbani, mtu huyo huyo hakuwa na neno. Nadhani ulimi wake ulihitaji injini ingurume ndipo uwake. Au aliona haya mbele ya mtoto wake mwenyewe, kwa sababu wapo wanaume wa namna hiyo.

Simu hizo zilikoma alipokuja, maana nani ampigie mtu aliye ukuta wa pili. Karanga, hata hivyo, kila jioni aliichukua simu ya mama yake akaenda kukaa nayo kizingitini, kaipakata. Tulidhani anacheza. Wifi alimgombeza kwamba anamaliza chaji, naye akaendelea kuichukua.

Basi mchana mmoja nilikuwa namsuka barazani. Amekaa katikati ya miguu yangu, nimefika msuko wa nne, wifi yuko kwenye cherehani, na Dereva yuko bombani mgongo kwetu, anasugua sufuria kwa mchanga. Redio ikamaliza kusoma idadi yake.

"Shangazi," Karanga akasema, "baba naye amekufa?"

Nikamwambia asiseme maneno hayo. Akauliza tena, bila kulia, kama mtu anayetaka kujua bei.

"Kwa nini afe?" nikamwuliza.

"Hapigi simu."

"Wewe nawe. Apige simu ya nini, si huyo hapo anaosha masufuria?"

Akageuka, nywele zikanitoka mkononi. Akatazama bombani, kisha akanitazama mimi kwa subira kubwa.

"Huyo Dereva," akasema.

Cherehani ikanyamaza. Wifi ana hasira za karibu. Akainuka, akamshika mtoto mkono, akampeleka mpaka bombani, akamsimamisha mbele ya mumewe. "Huyu ndiye baba yako," akamwambia. "Huyu. Yule wa kwenye simu ndiye huyu."

Karanga alimtazama baba yake kuanzia kwenye miguu yenye mchanga. Alimtazama vizuri, nadhani alijaribu kwa kweli.

"Baba anaongea," akamwambia mama yake. "Huyu haongei."

Niliumia. Kaka yangu alikuwa ameshika sufuria mkononi na maji yakimwagika bure, naye ni mtu asiyevumilia bomba linalovuja. Tulikuwa tumekaa naye nyumba moja wiki zote zile, na mtoto alikuwa anamngoja baba yake kizingitini, na baba yake alikuwa anampita hapo na ndoo. Na sisi wawili wenye macho tulikuwa tunagombania chaji.

Mdomo wangu, ambao hauna breki na kila mtu anajua, ukatoa la kijinga. "Kaka, ndiyo hivyo. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Nilikuwepo," akasema, akafunga bomba. "Kila jioni nilikuwepo."

Wifi, ambaye anapenda jambo likatwe na kushonwa siku hiyo hiyo, alitaka mumewe ampigie mtoto hapo hapo, mbele yake, amwone mdomo ukitembea na sauti ikitoka kwenye simu, mambo yaishe. Dereva akatikisa kichwa. Alisema mtoto ataona amechezewa. Atamkosa yule, na huyu hajampata bado. Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyomsikia akiyasema nyumbani, na yalikuwa na akili, ingawa sikumwambia.

Jua lilipopungua ukali simu ikalia. Karanga alikuwa kizingitini kama kawaida, akaruka nayo mpaka ikamponyoka. Mimi nilikuwa uani naanua nguo, kwa hiyo niliwaona wote wawili: mtoto mlangoni, na kaka yangu nyuma ya pipa la maji, amechuchumaa, kidole kimoja kimeziba sikio, anapaza sauti juu ya injini isiyokuwepo.

"Karanga wangu."

"Baba. Mbona hupigi?"

"Mtandao. Huku mtandao mbovu. Nyani anakusalimu."

Nyani, ikajulikana, alikuwa amelazimishwa kuvaa barakoa na ameivaa mkiani. Polisi wamemkamata. Karanga alicheka hadi akaegemea mlango, na kule nyuma ya pipa kaka yangu alicheka pia, jasho linamtiririka. Wifi alikuwa amesimama dirishani, kanga mdomoni. Mimi nilianua nguo ile ile mara tatu.

Kisha Karanga akapunguza sauti. Alitazama huku na huku, akageukia ukuta, akaifunika simu kwa mkono wake mwingine ili watu wasisikie. Mnong'ono wa mtoto mnaujua ulivyo, ulisikika mpaka kwenye kamba ya nguo.

"Baba. Hapa kwetu kuna Dereva."

"Eh," akasema kaka yangu. "Anafanya nini?"

"Anaosha masufuria. Ananimwagia maji kwa kopo. Haongei." Akafikiri kidogo. Nyumba yetu ni ndogo, na nadhani mtoto alikuwa ameshapiga hesabu ya vitanda. "Baba, ukirudi, usimfukuze."

Kaka yangu aliitoa simu sikioni akaitazama. Aliitazama muda, mpaka mtoto akaanza kuita haloo, haloo. Akairudisha sikioni.

"Sitamfukuza," akasema. Hakupaza sauti tena.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Abaki."

Alipokata simu alikaa pale nyuma ya pipa, kisha akajaza ndoo ambayo hakuna aliyemtuma kuijaza, akazunguka nayo kuja mlangoni, macho chini. Karanga alikuwa ameshaweka simu juu ya cherehani ya mama yake. Alimwona, akatoka, akamkimbilia katikati ya uwanja, akamshika suruali kwenye goti, naye akalazimika kusimama na kuinama ili amsikie.

"Dereva," akamwambia, "nimekuombea kwa baba. Amekubali ubaki."