Nilidhani Mmeshatosha

Mpwa wangu, binti wa dada yangu aliyenifuata kuzaliwa, anafanya kazi ya kutengeneza programu za simu huko Dar es Salaam. Hapa Kilangala watu walichukua muda kuielewa kazi hiyo. Walidhani anatengeneza simu zenyewe, na kila alipokuja likizo walimletea simu zilizoingia maji au zilizokanyagwa. Hakuwacheka. Alizifungua, akazianika, na zile zilizokataa kupona aliwarudishia wenyewe kwa masikitiko kama vile kosa ni lake.

Mwaka mmoja alifunga Ramadhani nzima pamoja nasi. Jioni moja, tukiwa barazani kwangu tunasubiri adhana, akatuuliza sisi wazee swali ambalo hatujawahi kuulizwa.

"Mjomba, mtu akifa hapa kwetu, kitu gani kinachelewa?"

Tukafikiri. Mmoja akasema sanda. Mwingine akasema wakwe, maana wakwe huchelewa kwa kila jambo. Tukacheka, kisha tukakubaliana kwamba kinachochelewa ni habari.

Kwetu habari ya msiba ilipelekwa kwa miguu. Alikuwapo mzee mwenzetu mwenye kazi hiyo, aliyeirithi kwa baba yake. Akifika mlangoni hakai wala hanywi maji. Anamtaja marehemu na wakati wa kuzika, kisha anabaki amesimama palepale mpaka apate jibu la swali moja: "Unakuja na jembe au na chepe?" Ukishamjibu ndipo anageuka kwenda nyumba ya pili. Ukisema unaumwa, anakutazama kwanza.

Lakini miguu ina mwisho wake. Mashamba ya mikorosho yako mbali, na wengi wetu tuna ndugu huko juu Rondo, mlimani. Tuliwahi kumzika mtu, na ndugu yake wa tumbo moja akateremka kutoka Rondo kesho yake. Alikaa kando ya kaburi akiuchezea udongo kwa vidole. Jambo lile lilituuma sote, na ndilo tulilomweleza mpwa wangu jioni ile.

Aliporudi baada ya miezi, alikuwa na programu yake. Akatuwekea kwenye simu, mzee mmoja mmoja, akakaa pembeni kututazama tunavyohangaika nayo. Aliyeshindwa kusoma, akamkuzia maandishi. Aliyelalamika kwamba inamla bando, akaipunguza mpaka ikawa haili kitu. Hata mlio wake aliuchagua kwa subira. Alituchezea milio mingi, na sisi tukaikataa mmoja baada ya mwingine: huu wa harusi, huu wa benki, huu utamuua mgonjwa mwingine. Mwishowe ukapatikana mlio wa chini, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole. Katika umri wangu nimeona vitu vingi vilivyoletwa kijijini na watu waliokuwa na haraka ya kuondoka. Yeye hakuwa na haraka, na nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Kitu kimoja tulikiomba sisi wenyewe. Mara ya kwanza programu ilikuwa inatangaza tu. Tukamwambia hapana, mtu akipata habari ya msiba hanyamazi, kunyamaza ni utovu wa adabu. Weka mahali pa kujibu. Akaweka. Ukibonyeza, jina lako linatokea chini ya jina la marehemu pamoja na maneno yetu ya msibani: hakika sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea. Watu waliipenda sehemu hiyo kuliko zote.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Ndugu wa Rondo walifika kabla ya maziko. Yule mzee wa habari, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumvimba, akapumzika. Halafu, pole pole, nikaanza kuona mkeka wa msiba una nafasi. Nikajiambia ni msimu, watu wako kwenye korosho. Maziko yaliyofuata, nikasema hivyo hivyo.

Wanaosoma dini wanajua kwamba kumuosha maiti, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kutoshelezana. Wakiisimamia baadhi ya Waislamu, wengine wamesamehewa. Asipoisimamia yeyote, dhambi ni ya wote. Nimelifundisha jambo hili madrasa tangu nikiwa kijana, na watu wazima wa kijiji hiki karibu wote wamepita mikononi mwangu. Walilishika vizuri. Mtu akiwa shambani anafungua simu, anaona majina yamejipanga chini ya jina la marehemu mpaka hayana mwisho, naye anaongeza la kwake. Kisha anainama kuendelea kuokota korosho, moyo wake umetulia, maana kwa mujibu wa alichosomeshwa, waliotosha wamekwishapatikana.

Dada yangu aliugua muda mrefu. Mpwa wangu akaomba ruhusa kazini akaja kumuuguza. Siku zile dada alimwambia neno mbele yangu, sauti ikiwa imeshakuwa ndogo: "Nikiondoka, maji ya kwanza unimwagie wewe. Sitaki mkono wa mtu mwingine utangulie." Binti akaitikia. Nilimwona baadaye ameketi jikoni na mwosha wetu, bibi mmoja mwenye mikono miepesi, akijifunza namna ya kuosha maiti: upande wa kuume kwanza, nywele zisukwe mafungu matatu, kifuniko kisiondoke mwilini. Alijifunza kama mtoto anayejiandaa kusomeshwa mbele za watu, anarudia, anauliza tena.

Dada akafariki baada ya sala ya alfajiri, msimu wa korosho ukiwa katikati. Aliyeandika tangazo ni binti yake. Alikaa kwenye kizingiti na simu, akaandika jina la mama yake, akalifuta, akaliandika tena. Tulipanga kuzika baada ya Alasiri. Alipotuma tu, majibu yakaanza kumiminika, kile kidole kinabisha hodi bila kupumzika. Nilifarijika. Nilimwambia, "Unaona, mwanangu? Mama yako alipendwa."

Nikatangulia makaburini na waliokuwapo. Waliokuwapo ni mimi, mzee wa habari na miguu yake, wazee wenzetu wawili, mtani wetu, na jirani yangu Mkatoliki ambaye hayumo katika programu, maana tuliandikisha watu wa msikitini tu. Yeye aliona mikeka inatandikwa uani akachukua chepe lake, kama afanyavyo siku zote. Ardhi yetu wakati wa kiangazi ni nyekundu na ngumu, jembe linaruka. Kaburi kama lile linataka watu wengi wa kupokezana. Tulichimba, tukakaa, tukachimba. Jua likapanda, shimo bado linatufika magotini.

Mtani ndiye pekee mwenye ruhusa ya kusema ovyo msibani, na aliitumia.

"Jamani marehemu huyu ana watu!" akasema huku akijifuta jasho. "Nimewaona kwenye simu, wamejaa kama siafu. Hawa wa kaburini ndio wa kuazima."

"Chimba, mtani," nikamwambia.

"Nachimba. Lakini tukifika saa ya kumshusha tuishushe na simu, labda wenyewe wataifuata."

Jirani yangu alicheka, kisha akajizuia. Mzee wa habari hakucheka. Aliegemea mpini wa jembe, akasema, "Ningepita, wangekuja." Sote tukaitazama miguu yake.

Adhuhuri ilipita. Nikaona kwamba kwa mwendo ule Alasiri itatukuta na shimo la kufukia mbegu. Nikarudi nyumbani kutafuta watu.

Nyumbani wanawake walikuwa wameshatundika khanga za kuzungushia, maji yenye majani ya mkunazi yako tayari, na mpwa wangu amejifunga kibwebwe, mikono wazi. Nikamwita pembeni. Sikumaliza maneno, akawa ameshaelewa. Akafungua simu akatazama yale majina, akateremsha kidole, akateremsha tena.

"Wote hawa, mjomba?"

"Wote."

Akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akaanza kuwapigia mmoja mmoja.

"Shikamoo, baba."

Sauti ya upande wa pili ilisikika mpaka nilipokuwa. "Marahaba, mwanangu. Pole sana, pole. Nimeona, na nimeshajibu."

"Nimeliona jibu lako, baba. Uko wapi?"

"Niko shamba. Nilidhani mmeshatosha."

"Hatujatosha. Njoo na jembe."

Akampigia mwingine, kijana wa pikipiki.

"Dada, pole sana aisee. Mi niliona watu kibao washajibu, nikajua huko pamejaa."

"Kuna wazee wanachimba peke yao."

"Daah! Wazee gani?"

"Babu yako yumo."

"Nakuja. Nawabeba na hawa wa huku."

Kila aliyepokea alisema neno lilelile, kila mmoja kwa sauti ya mtu mwaminifu. Nilidhani mmeshatosha. Hapakuwa na hata mmoja aliyekataa kuja.

Kutoka nyuma ya khanga yule bibi mwosha akaita, "Mwanangu, njoo, tuko tayari."

"Nakuja, bibi."

Akapiga tena, na tena. Nikamwambia, "Nipe mimi hiyo simu, uende." Akanipa. Nikaishika, nikabonyeza, ikanipeleka mahali nisipopajua, nikabonyeza tena ikazima. Akaichukua mikononi mwangu taratibu, bila neno la lawama, akaiwasha.

Bibi akaita mara nyingine. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mwanangu, maiti hangojeshwi. Kuna joto. Sisi tunaanza."

Mpwa wangu alikuwa na simu sikioni. Aliinua uso kuelekea zile khanga. Maji ya kwanza tuliyasikia wote wawili, yakianguka kwenye beseni. Upande wa pili wa simu mtu alikuwa anasema, "Haloo? Haloo?" Akafumba macho, akasema, "Ndiyo, kaka, nipo. Njoo na chepe."

Watu walikuja. Walikuja na pikipiki na kwa miguu, mikono ina utomvu wa mabibo, hawatutazami machoni. Kaburi likachimbwa kama linavyotakiwa, mwanandani wa kumlaza ukakatwa vizuri, tukamsalia dada yangu kwa safu kamili na tukamfukia kabla ya Magharibi. Kwa hilo namshukuru Mungu bila kupunguza. Mpwa wangu alifunuliwa uso wa mama yake kuuaga, sanda ikiwa imeshafungwa miguuni na kiunoni. Mikono yake ilibaki mikavu.

Siku ya tatu, baada ya khitma, alitangaza mbele ya wazee kwamba ataifuta programu. Aliyempinga ni mzee wa habari.

"Usiifute. Mimi Rondo sifiki tena."

"Babu, ni hii iliyokunyima kupita."

"Kilichoninyima kupita ni miguu. Wewe uliikuta imeshavimba."

Mpwa wangu akasema, akiwa ananitazama mimi, "Niliwauliza kinachochelewa. Sikuwauliza huyu babu akifika mlangoni anafanya nini."

Sisi tuliomuomba mahali pa kujibu tulikuwa tumekaa palepale, na kila mmoja alikuwa anautazama mkeka.

Akapaondoa. Sasa programu inataja marehemu na wakati wa kuzika, basi, haipokei neno. Kila kitongoji kina mtu wake wa kupita milangoni, na programu inamwamsha yeye kwanza. Watu walinung'unika sana. Walikuja kwangu wakisema tumewanyang'anya mahali pa kutoa pole. Niliwasikiliza. Wengine wamejiundia kundi lao pembeni, huko wanajibu kama zamani. Mikeka ya misiba imejaa kiasi, si kama nilivyoikuta utotoni. Mimi mwenyewe simu naifungia sandukuni tangu Magharibi hadi Isha, nipate kusoma, na bado sikio langu hulisikiliza lile sanduku.

Mpwa wangu alikuja tena kwa arubaini. Wageni walipoondoka akamfuata bibi mwosha uani, akaketi chini mbele yake. Nilikuwa ndani, dirisha liko wazi.

"Bibi, niambie mlivyomuosha."

"Tulimuosha vizuri, mwanangu."

"Niambie yote. Nani alimwaga maji ya kwanza?"

"Mimi."

"Alikuwa mzito?"

"Mwepesi. Tulimgeuza kama mtoto."

"Nywele?"

"Mafungu matatu, kama nilivyokufundisha. Uso wake ulikuwa na nuru."

"Na ule mguu uliokuwa na kidonda?"

Bibi hakujibu. Mwosha ameruhusiwa kusema mema aliyoyaona. Yaliyobaki huenda nayo mpaka naye aoshwe.

"Bibi, mimi ni mwanawe. Ningemuosha mimi, ningekiona."

"Ningekuachia uone," akasema bibi. "Lakini hukuwapo, mwanangu. Kwa asiyekuwapo nasema nuru tu."

Nilingoja nisikie mpwa wangu atasema nini. Baada ya muda nikasikia bibi anasogeza kigoda, na sauti ya mikono yake ikipapasa mgongo wa mtu, taratibu.