Mkwaruzo Mmoja, Wapigaji Wanne

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikija kusahau jina langu, hiyo sitaisahau. Ilikuwa Ijumaa. Nilipanda Olmotonyi, kijiji cha kwenye mlima Meru, na kompyuta mpakato begani, kifua mbele, kama mtu aliyeua simba. Nusu saa baadaye nilitamani ardhi ipasuke niingie. Nakusimulia leo kwa sababu nimesikia na wewe umeanza kurekodi chumbani kwako na kuwatumia watu kazi kwa intaneti. Ni jambo jema. Kaa basi, chai ipo.

Wakati huo nilikuwa binti bado, nimepanga vyumba viwili kule Lemara, mjini. Kimoja cha kulala. Kingine nilikitundikia mablanketi ukutani ili sauti isirukeruke, nikaweka kompyuta, maiki moja, vayolini yangu na viola, ambayo ni dada mkubwa wa vayolini, mwenye sauti nzito kidogo. Riziki yangu ilikuwa kufundisha watoto muziki. Lakini moyo ulikuwa kwingine. Nilikuwa nimegundua kwamba maprodyuza wanaotengeneza muziki kwa kompyuta tupu, ule wa kuchezwa kwenye kumbi, mara nyingine hutamani wimbo wao uwe na nyuzi za kweli, zinazopigwa kwa upinde na mkono wa binadamu. Wao hawana mpigaji. Mimi ninao mkono. Basi mtu ananitumia wimbo wake kutoka mbali, nautungia sauti za nyuzi, nazipiga humo chumbani, namrudishia. Wengine hatujaonana sura hadi leo.

Siku hiyo ninayokuambia, nilikuwa nimepata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Prodyuza wa Dar es Salaam, kijana aitwaye Zuberi, alikuwa anatengeneza wimbo wa mwimbaji mmoja wa kike ambaye vijana walikuwa wakimpenda sana. Akanipigia simu.

"Dada Nembris, sitaki kusikia vayolini moja inalia pembeni. Nataka jeshi. Watu kumi na sita."

"Nitakupa kumi na sita," nikamwambia. "Natunga sauti nne, kila sauti naipiga mara nne."

"Kila mara unapiga upya?"

"Kila mara napiga upya."

Hayo yalitoka mdomoni mwangu mwenyewe. Na ukitaka kujua kwa nini aliuliza, sikiliza. Binadamu hawezi kupiga kitu kilekile mara mbili sawasawa. Mara hii upinde unachelewa kidogo, mara ile kidole kinabonyeza zaidi. Hizo tofauti ndogondogo ndizo zinazofanya sauti itanuke, iwe kama watu wengi wameketi pamoja. Ukizitoa, umetoa roho.

Alhamisi nikaanza. Sauti ya kwanza niliipiga mara moja, ikatoka vizuri. Nilipotaka kuirudia, jirani yangu fundi wa mageti akawasha mashine yake ya kukata vyuma. Nikangoja. Akanyamaza, nikashika upinde, akawasha tena. Ikawa hivyo hadi alasiri. Nikachoka, nikakasirika, na shetani hapendi kitu kama mtu mwenye hasira na haraka. Haraka haraka haina baraka, tumeimbiwa tangu utotoni, lakini nani alisikiliza? Nikaichukua ile sauti moja, nikainakili kwenye kompyuta mara tatu, nikasogeza kila nakala kiasi cha unywele ili zisilingane kabisa. Hao wanne tayari. Sauti ya pili nikaipiga mara moja, nikafanya vilevile. Ya tatu, hivyohivyo. Viola, hivyohivyo. Kabla jua halijazama nilikuwa na jeshi langu la watu kumi na sita, na nilikuwa nimepiga mara nne tu.

Nikajiambia, ni muziki wa disko. Nani atahesabu pinde kwenye ukumbi wa dansi? Nikatuma.

Kesho yake, ile Ijumaa, nikapanda Olmotonyi kwenda kumringia Mwalimu Eliamani. Huyu mzee alikuwa mstaafu, fundi wa mbao wa siku nyingi, na ndiye aliyekuwa akifundisha kwaya ya kanisani kwetu. Ndiye aliyenishikisha vayolini nikiwa na miaka tisa, akaninyoosha mkono wa upinde hadi ukanyooka. Nilimkuta amekaa nje ya karakana yake, ananoa patasi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Leo unatabasamu kama umeposwa."

Nikamvalisha visikizio, nikamchezea wimbo. Alifumba macho. Ukaisha. Akaomba aurudie. Ukaisha tena.

"Hawa wapigaji ni wangapi?"

"Kumi na sita, Mwalimu."

"Kumi na sita." Akabonyeza visikizio masikioni. "Hebu rudisha pale sauti ya juu inapopanda."

Nikarudisha.

"Hapo. Upinde umekwaruza. Umesikia?"

"Kidogo tu, Mwalimu. Hakuna atakayesikia."

Akavua visikizio, akaniangalia. "Nembris, nimefundisha kwaya tangu hujazaliwa. Watu wanne kuimba vizuri pamoja, nimeona. Watu wanne kukosea pamoja, mahali palepale, kwa kiasi kilekile, hiyo sijaiona. Hawa si wanne. Huyu ni mtu mmoja amevaa makoti manne."

Mwanangu, masikio yalinichemka. Nikajitetea, nikasema ngoma zitafunika, nikasema muziki wenyewe ni wa vijana kurukaruka. Hakunikatiza. Aliningoja nimalize, kisha akaokota kipande cha mbao miguuni pake.

"Mbao mbichi ukiipaka vanishi inang'aa kama kavu. Mteja anaondoka anakushukuru. Ikipita miezi mitatu, mlango unajipinda, haufungi. Na kila anayeusukuma anataja jina la fundi. Huyo mtu ulimwahidi nini?"

"Kwamba nitapiga kila sauti mara nne, kila mara upya."

"Basi mpigie simu umwambie. Hapa hapa, mimi nikiwepo. Njia ya mwongo ni fupi, binti yangu. Ni afadhali uiache ungali karibu na mwanzo wake."

Nakwambia ukweli, sijawahi kushika simu nzito kama ile. Nilimweleza Zuberi yote, bila kujipamba.

"Nilikuwa nimeshasikiliza," akasema. "Nilikuwa najiuliza nitakuambiaje. Nilikuwa nimeamua kuzitoa zote niweke nyuzi za kompyuta, maana hizi zako zinasikika kama za kompyuta."

Hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

"Nipe nafasi nipige upya."

"Jumatatu saa nne asubuhi nafunga wimbo, dada. Zikifika kabla ya hapo, nitazisikiliza. Zisipofika, tusilaumiane."

Siku mbili na asubuhi moja. Na Lemara kulikuwa na yule jirani. Nikakaa chini, machozi yananilenga. Mwalimu akasimama, akafungua mlango wa karakana yake. Ndani mbao zilikuwa zimepangwa pande zote hadi darini, zinakauka taratibu. Akapiga kofi moja. Sauti ikatoka nene, fupi, ikatulia. Hakuna mwangwi.

"Kalete vyombo vyako," akasema.

Jumamosi asubuhi nilikuwa pale na maiki yangu. Nikamkuta amepanga viti vinne mbele yake, kimoja kimoja mahali pake, na juu ya kiti kimoja ameweka vayolini yake mwenyewe, kuukuu, yenye sauti ya kifuani.

"Usipige mara nne," akaniambia. "Piga kama watu wanne tofauti. Kiti hiki ni cha yule mwenye haraka, kila kwaya inaye. Hiki ni cha mzito. Hiki cha mama anayependa kusikika. Na hiki cha mwenye haya, anayepiga vizuri kuliko wote ila anaogopa."

Nikacheka, lakini nikatii. Nikakaa kiti cha mwenye haraka, nikapiga. Nikahamia cha mzito, nikabadilisha vayolini, nikapiga. Nilipofika kwa mama anayependa kusikika, karibu nikatae kuhama! Kila mara sauti ilikuwa ileile, na haikuwa ileile. Nilipowasikiliza wote wanne kwa pamoja, mikono ikanisisimka. Walikuwa watu.

Usidhani mambo yalikwenda kama maji. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama hasa. Vidole vilivimba. Mwalimu alikaa kwenye gogo lake bila kutikisika ili asisikike kwenye maiki. Akikohoa, tunarudia, ananiomba radhi kwa ishara ya mkono. Kuna kuku wake mmoja alitaga yai katikati ya kipande nilichokuwa nimekipiga vizuri kuliko vyote, na akawatangazia majirani wote. Mwalimu akambeba kwapani akampeleka uhamishoni kwa shemeji yake. Jioni tulikuwa na sauti mbili kamili, watu wanane.

Jumapili baada ya ibada tukamaliza ya tatu. Zikabaki viola. Hapo mlima ukatushushia mvua. Kwenye bati, mwanangu, mvua ya Meru haikupi nafasi hata ya kuongea. Saa nane ikanyesha, saa tisa ikanyesha. Mimi nikaanza kuzunguka humo ndani kama mbuzi aliyefungwa. Mwalimu alikuwa anakula mahindi ya kuchoma.

"Mwalimu, huoni tunakwama?"

"Naona. Umekasirika?"

"Ndiyo."

"Alhamisi pia ulikuwa umekasirika. Kula hindi."

Nikala hindi. Saa kumi na robo mvua ikakatika, matone yakabaki yanadondoka kwenye migomba. Tukangoja hadi nayo yakaisha. Nikakaa, nikavuta pumzi, nikapiga viola nne bila kurudia hata moja. Ya mwisho nilipomaliza, Mwalimu aliinua mikono yote miwili juu, kimya, hadi nilipozima maiki. Ndipo akapiga ukelele ambao naamini ulisikika hadi msituni.

Jumatatu asubuhi nikashuka mjini kutuma. Intaneti ya siku zile ilikuwa ya kuomba Mungu. Faili la mwisho lilifika saa tatu na dakika hamsini. Nikakaa kwenye ngazi za duka, simu mkononi. Saa tano kasoro ikalia.

"Dada," Zuberi akasema, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Nimezifungua peke yake kwanza, bila ngoma. Mwimbaji yuko hapa studio. Ameniambia nizime kila kitu. Anataka wimbo uanze na hao watu wako, peke yao, halafu ndiyo yeye aingie. Unasikia? Tumebadilisha mwanzo wa wimbo kwa ajili yako."

Nilinyanyuka pale ngazini nikaruka. Watu wakageuka. Sikujali.

Miezi michache baadaye tulikuwa harusini Nduruma. Turubai limejaa, watu wameshiba, mpiga muziki akaweka ule wimbo. Kukawa kwanza na nyuzi tupu, watu kumi na sita kutoka karakana ya Olmotonyi, wakaenea juu ya viti na masufuria na watoto. Wanaoongea wakanyamaza. Kisha ngoma ikaingia, na turubai zima likasimama! Vijana, wazee, akina mama wa jikoni na miko yao. Na Mwalimu Eliamani, ambaye sikuwahi kumwona akicheza kitu kisicho cha kanisani, akaenda moja kwa moja kumnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti.

"Jamani! Nyuzi hizo hazikutoka Ulaya. Amezipiga binti huyu hapa!"

Yeyo, mama yangu mzazi, akapiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Walininyanyua juu juu, viatu vikanitoka. Nilicheza pekupeku hadi jua likazama, na Mwalimu alicheza nami, koti la suti ameliweka begani. Nimepata furaha nyingi maishani. Ile ilikuwa na ladha yake.

Chema chajiuza. Zuberi alimwambia mwenzake, mwenzake akamwambia mwingine. Zikaja nyimbo kutoka Nairobi, kisha kutoka nchi ambazo nilizijua kwenye ramani tu. Leo nina vijana kumi na wawili wa huku mlimani niliowafundisha, na kazi ikija tunakaa wote, kila mtu na upinde wake.

Sasa mwanangu, nisikie. Siku hizi kompyuta inaweza kukutengenezea nyuzi ndani ya dakika moja, na hakuna dhambi kuitumia. Dhambi ni kuiita mkono wako. Ukisema umepiga, uwe umepiga. Usidharau muziki wa mtu kwa sababu ni wa kuchezwa. Aliyekuamini na wimbo wake amekuamini na kitu cha moyoni. Ukikosea, kiri mapema, kungali na muda wa kurekebisha, maana kosa lililokiriwa Ijumaa laweza kuwa ushindi Jumatatu. Na utafute mtu mmoja mwenye masikio makali na upendo, umpelekee kazi yako, na akikuambia neno linalouma, usimkimbie.

Mungu aubariki mkono wako. Akupe masikio yasiyokubali kudanganywa, hata na wewe mwenyewe. Kazi yako ivuke milima na bahari ikufungulie milango usiyoijua, na siku watu watakapoicheza, uwe na nafasi ya kucheza nao ukiwa na moyo mweupe. Haya, nenda kapige.