Jitu Lilikufa Haraka, Fisi Wakamuua Shujaa wa Neema

Jamani, leo nimemuua shujaa wa Neema bila kukusudia, na mpaka sasa sielewi vizuri.

Kwa msiojua: kila Jumamosi mchana marafiki zangu watatu wanakuja kwangu Moshono, tunacheza hadithi kwa dadu. Kila mmoja ana shujaa wake aliyemwandika kwenye karatasi, mimi natunga maadui, na dadu ndiyo inaamua nani anaumia.

Wiki nzima nimetengeneza jitu la mlimani. Lina nguvu za kutisha, ngozi kama jiwe. Nikaogopa litawamaliza wote.

Wameliua kwa raundi mbili. Mbili! Elibariki hata chai yake haijapoa.

Basi nikawawekea fisi sita njiani, dhaifu tu, wa kuchangamsha mchezo.

Fisi wakamzunguka shujaa wa Neema. Narusha dadu, wanamng'ata. Narusha tena, wanamng'ata tena. Akaanguka, akafa.

Neema amecheza na shujaa huyo mwaka mzima. Alimpa jina la bibi yake.

Nikajaribu kucheka. "Tufanye haijatokea?"

"Jitu lilipokufa hukusema hivyo," Neema akajibu.

Elibariki akanisogelea. "Kaka, jitu lilikuwa moja, linapiga mara moja kila raundi, na sisi tuko watatu. Fisi wako sita, wanapiga mara sita. Hukuliona hilo?"

Sikuliona. Nilipima nguvu, idadi hata sikuiwaza.

Neema akakunja karatasi ya shujaa wake taratibu, akaaga. Mlangoni akageuka: "Jumamosi ijayo nataka fisi walewale."

Amenisamehe, au ananitisha? Nyie mngeelewaje?