Kabla ya Kufungua Kamba

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipofuta majina ya watu waliokuwa mtoni.

Unacheka ninapojiita mzee na miaka yangu arobaini na saba. Kazi yetu hii inazeesha upesi; kwenye kompyuta, aliyekutangulia miaka minane ni bibi yako. Basi kaa, na usiguse kibodi mpaka nimalize.

Nilikuwa nimeajiriwa na umoja wa wenye boti hapa Kisangani. Kila aliyepanda boti kwenda Yanonge au Isangi aliandikwa jina kwa simu pale ufukweni, na jina likahifadhiwa kwetu, ili ndugu zake wajue yumo boti gani. Programu ile iligawanywa katika makontena, yaani vifurushi vinavyoendeshwa na kundi la kompyuta tunaloliita klasta. Tulikuwa na klasta mbili: ya majaribio, ambayo ungeweza kuivuruga utakavyo, na ya kweli. Daftari la karatasi lilikuwa limeachwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyepiga kelele liachwe.

Siku hiyo nilipewa kompyuta mpya, na kazi ya kwanza ilikuwa kuweka kubectl, chombo cha kuiandikia klasta amri, hichohicho unachotaka kukiweka leo mbiombio. Mtandao ulikatika nikarudia kukipakua mara tatu. Nilichagua toleo linaloelewana na klasta zetu, nikahakiki kwamba faili limefika zima, nikalipatia ruhusa ya kuendeshwa, nikaliweka kwenye folda yake. Hadi hapo nilifanya vizuri, nasema bila aibu. Kisha nikachukua flashi yenye mafaili mawili ya kuunganishia, moja la klasta ya majaribio na moja la klasta ya kweli, nikanakili moja. Nilikuwa na hakika ni la majaribio.

Ilibaki amri moja fupi, ya kukiuliza chombo kinaelekea klasta gani. Niliiruka, kwa sababu nilitaka wenzangu waone nimemaliza kabla ya chai. Nikaandika amri ya kufuta kila kitu ili nianze na uwanja safi. Kikafuta, wala hakikubisha.

Mchana alikuja baba mmoja kutoka Mangobo. Boti iliyoondoka asubuhi ilikuwa haijafika Yanonge, na simu za abiria hazikupatikana. Alitaka kujua kama mke wake na mtoto wao mchanga walipanda boti ile. Nilifungua orodha, haikuwa na jina hata moja; kumbe faili nililonakili lilikuwa la klasta ya kweli. Nakala ya akiba ilikuwa ya usiku uliotangulia, kwa hiyo majina ya asubuhi hayakuwamo. Nikalia mbele ya yule baba, mwanangu.

Nilimpigia simu Tonton Bolema, mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyesimamia boti zote pale ufukweni. Alifika, akanisikiliza mpaka mwisho. Kompyuta hakuijua kabisa, lakini swali lake lilikuwa moja.

"Mbele ya kufungua kamba, uliuliza tunaenda wapi?"

Unaijua desturi yetu. Boti ya Yanonge na ile inayopita moja kwa moja hadi Isangi hulala ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo nahodha, hata awe na miaka thelathini mtoni, husimama akauliza kwa sauti, "Tunaenda wapi?" na abiria wote humjibu. Kila safari kuna mmoja anayekusanya mizigo yake na kuruka nje. Mimi nimezaliwa kwenye boti hizo, na nilikuwa nikiwacheka watu hao.

"Sikuuliza, Tonton."

"Bon. Pangusa machozi. Majina iko mu kinywa ya batu. Tuende tutafute."

Tulipanda pikipiki hadi ufukweni, na baba yule nyuma yetu. Tukauliza wapagazi, tukauliza madereva wa pikipiki walioleta abiria, tukauliza kina mama wanaouza chikwange, mikate ya muhogo. Jina kwa jina, nikiandika kwenye karatasi. Wengine walituambia tumechelewa, tungoje habari. Tonton alikataa, nami nikakataa. Saa kumi na moja jioni tulikuwa na majina thelathini na nane. La mwisho alilitoa muuza chikwange: alimkumbuka Mama Véro, mwenye mtoto wa kofia ya buluu. Baba yule hakufurahi. Aliketi juu ya gunia, maana sasa alijua kwa hakika kwamba wamo.

Simu ya Yanonge ikaja. Mota ilikuwa imekufa njiani, na mitumbwi ilikuwa imewavuta hadi ufukwe wa Yanonge. Nilisoma majina moja moja, na kule wakayaita kwa sauti. Niliposoma la Mama Véro, nilisikia mtoto akilia kabla mama yake hajaitika.

Baba yule alisimama akaniambia, "Mama, kesho iko anarudi. Jina yake usipoteze tena."

Kesho yake nilianza upya. Kila klasta niliipa jina lake wazi, ile ya kweli nikaipaka rangi nyekundu kwenye kioo cha kompyuta, nikajinyang'anya mwenyewe ruhusa ya kufuta kitu ndani yake. Daftari la karatasi nililirudisha ufukweni kwa mikono yangu, na lipo mpaka leo.

Kwa hiyo sikukatazi kufanya upesi. Nakukataza kuruka swali. Pakua, hakiki, weka mahali pake, kisha uliza unaelekea wapi, na jibu ulisome kwa sauti hata kama ofisi nzima inakucheka. Na siku utakapokosea, maana utakosea, toka kwenye kiti uende kwa watu uliowakosea.

Mungu akubariki, mwanangu, aifanye mikono yako iaminike. Kila aliye mtoni ambaye jina lake liko kwako, amfikishe. Haya, sasa gusa kibodi. Tunaenda wapi?